Sefania Shemweta, Aliyepima Vyungu vya Mgwashi

Wazee wetu, shikamooni. Mchungaji, ndugu wa kanisani na ndugu wa msikitini mliopanda milima hii tangu alfajiri, familia inawashukuru kwa kuja, na kabla hatujamteremsha mpendwa wetu kaburini inaomba mtulie kidogo msikilize alikotoka na alikopita, tena mkijisikia kucheka mcheke, kwa sababu mwenyewe aliagiza hivyo, na watu wa Mgwashi mnajua kwamba agizo lake halikuwa la kupuuzwa.

Marehemu Sefania Tobia Shemweta alizaliwa hapa Mgwashi tarehe 14 Machi 1909, siku za Mdachi, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Tobia Shemweta na mkewe Mariamu, na ndugu yake wa kufuatana ziwa ni dada yetu Raheli, ambaye Mungu amemjalia kuwa nasi leo. Waliokua naye wanasema alikuwa mtoto wa kuuliza hata pasipoulizwa, kwamba alipopelekwa kuchunga mbuzi alikaa akionja majani wanayokula, ili ajue kwa nini wanayapenda haya na kuyaacha yale, jambo lililomletea kuumwa tumbo mara kadhaa, na fimbo za mama yake mara nyingi zaidi.

Alianza masomo katika shule ya misheni ya Bumbuli mwaka 1919, Mwingereza akiwa ameshaishika nchi, akabatizwa na kupewa kipaimara hapo hapo, na mwaka 1924 akaenda Tanga kwenye shule ya serikali, alikosoma mpaka Novemba 1928. Baba yake alitaka awe mwalimu wa dini, na alikwisha kuwatangazia wazee wa kanisa, lakini tarehe 1 Februari 1929 marehemu aliajiriwa Lushoto kuosha chupa katika maabara ya serikali iliyochunguza udongo, samaki na vyakula, na baada ya miaka michache akawa msaidizi kamili wa maabara, mwenye koti jeupe na vidole vilivyobadilika rangi kwa tindikali. Mama yake alipokwenda kumtembelea alimkuta anatia ugali ndani ya tanuri dogo mpaka ukawa majivu, kisha anayapima majivu yale kwenye mizani kwa uangalifu kama mtu anayepima dhahabu, na bibi wa watu alirudi Mgwashi analia, akiwaambia majirani kwamba shule imemfundisha mwanawe kuunguza chakula, kazi ambayo mwali yeyote huiweza bila kwenda Tanga. Mkuu wa maabara ile, Mwingereza mrefu, mpole, asiyejua kupiga kelele, watu wa milimani walimpa jina la Bwana Majivu, naye alilipenda mno akawa anajitambulisha nalo mwenyewe.

Sasa tunafika mwaka 1937, mwaka ambao marehemu aliusimulia katika kila harusi aliyoalikwa, na nyingine ambazo hakualikwa. Mwaka huo Bwana Majivu aliagizwa kupima vyakula vya vijiji vya Usambara jinsi vinavyoliwa majumbani, ili vijiji ambavyo vyungu vyake vimepungukiwa na chakula cha kujenga mwili visaidiwe kuchimba mabwawa ya samaki aina ya perege, na marehemu, kwa kupapenda kwao, akaomba kazi ianzie Mgwashi. Hapo ndipo alipokosea, kwani alimtumia salamu mama Halima, ambaye nyumba yake ilichaguliwa, kwamba anakuja na mkubwa wake na tafadhali asimwaibishe, na Mshambaa akiambiwa asimwaibishe mtu hahitaji kuambiwa mara mbili. Mama Halima alichinja kuku wawili, majirani wakaleta samli, wali wa bonde la Mombo na ndizi zilizoungwa kwa maziwa, Bwana Majivu akala mpaka akafungua kifungo, marehemu akajaza chupa zake za mdomo mpana kwa fahari, na jioni wakarudi Lushoto. Chakula kile kilipochemshwa katika tindikali na kupimwa, majibu yakaonyesha kwamba watu wa Mgwashi wanakula vizuri kuliko maofisa wa bomani, na Bwana Majivu akafurahi, akaliondoa jina la Mgwashi miongoni mwa vijiji vya kuchimbiwa bwawa.

Wakati huo huo Raheli, aliyekuwa ameolewa hapa hapa Mgwashi, ng'ambo ya pili ya bonde, alikuwa na mtoto wa kike wa miaka miwili aliyekwisha kuachishwa ziwa, Klara, ambaye nywele zake zilikuwa zimegeuka nyekundu, miguu imevimba, ngozi inabanduka, naye hachezi wala hacheki, anaketi tu kizingitini akiwatazama kuku. Mnajua watu walisema nini, maana baadhi ya waliosema mko hapa na tumeshasameheana: walisema mtoto amebemendwa, kwamba wazazi wake hawakujizuia wakati wa kunyonyesha, na maneno hayo yakamwelemea Raheli kiasi kwamba aliacha kwenda kisimani mchana, na mama mkwe wake akaanza kusema kwamba mwanamke wa namna hiyo arudishwe kwao na mtoto wake akafie huko. Marehemu alipokwenda kumwona, akafunua chungu jikoni bila kuomba ruhusa, akakuta bada, yaani ugali wa makopa ya muhogo, pamoja na majani kidogo ya mshunga yaliyochemshwa kwa chumvi, akauliza jana walikula nini, akaambiwa hivyo hivyo, na juzi hivyo hivyo, kwa kuwa maharage yote hupelekwa sokoni na kuku hungojea wageni. Aliketi chini pale jikoni, akaona kwamba kinachomdhoofisha mtoto ni chungu kile, si kosa la wazazi wake, kwamba kwa kutaka sifa amekinyima kijiji chake bwawa, na kwamba anayeweza kulipia sifa hiyo kwa roho yake ni mtoto wa dada yake.

Aliondoka siku ile ile kwa miguu, akamkabili Bwana Majivu akiwa bado na vumbi la njiani, akamweleza kwamba chupa zile zilisema kweli juu ya kuku wa mama Halima lakini hazikusema lolote juu ya Mgwashi. Bwana Majivu hakukasirika, ila alisema kwamba hawezi kufuta majibu ya maabara kwa maneno, aletewe chungu kingine, chungu cha kweli, naye atakipima mbele ya yeyote. Basi wakarudi Mgwashi bila kutuma salamu, mama Halima akawaona wangali mlimani, na walipofika kuku alikuwa ameshanyonyolewa. Wakaondoka, wakarudi tena baada ya juma moja kupitia njia ya nyuma, wakala kuku mwingine, na marehemu alikuwa akisema kwamba yeye ndiye mtu pekee katika Tanganyika aliyewahi kumla kuku huku machozi yanamtoka.

Aliyewatoa katika shimo hilo ni binti wa mzee Kornelio, Yudith, aliyekuwa amekuja kumsaidia mama Halima kupika, ambaye alimvuta marehemu pembeni ya banda, akamwambia kwa Kishambaa kilichochanganyika na Kiswahili, "Kaka Sefania, nyie kila mkija jioni mnaondoka, basi kila mkija ni wageni wapya. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Laleni hapa, tena msingoje kupewa, yachukueni majembe wenyewe, muone kama kuna atakayewachinjia." Marehemu alimtazama binti yule, na alikiri baadaye kwamba kwa kitambo kizima alisahau kilichomleta.

Wakalala kwa mzee Rajabu, jirani, na asubuhi Bwana Majivu akashika jembe la mama Halima, akapanda nalo kwenye mteremko wa mahindi, na habari ikavuka vilima kwa haraka kiasi kwamba watu walikuja kutoka upande wa Bumbuli kumtazama mzungu anayelima kama anayechokoza nyoka, wengine wakaleta na vigoda vya kukalia. Siku ya kwanza walipewa kuku, siku ya pili wakapewa mayai, na siku ya tatu mama Halima, aliyekwisha kuchoka na watu hawa wanaomharibia matuta, aliwaita kwa sauti ile anayowaitia wanawe, akafunua chungu, na humo mkawa na bada na mshunga. Marehemu aliruka, akapiga kelele kwamba hiki ndicho, hiki ndicho, mama Halima akazinduka, akajifunika uso kwa kanga kwa kuona amewaaibisha wageni, na marehemu akapiga magoti mbele yake, akamwambia kwamba kuku wake wote hawakumpa heshima kama chungu hiki, kwa sababu hiki kitamtoa Raheli midomoni mwa watu.

Majibu ya maabara yalitoka tarehe 19 Agosti 1937, yakaonyesha kwamba chakula kile kinashibisha tumbo ila hakijengi mwili, Bwana Majivu akaandika upya kila alichokuwa ameandika, na udongo wa bondeni nao ukapimwa, ukaonekana ni mfinyanzi mzito unaofaa kushika maji. Lakini marehemu hakungoja bwawa, alinunua dagaa waliotoka Tanga, akawasaga na dada yake kuwa unga, wakamtilia Klara katika uji pamoja na maharage yaliyopondwa, asubuhi, mchana na jioni, uvimbe ukapungua, na kabla nywele hazijarudi rangi yake mtoto alimwona babu yake Tobia akijikwaa kwenye figa, akacheka. Raheli alipokisikia kicheko kile alitoka nje na mtoto mgongoni, akateremka kisimani mchana kweupe wanawake wakiwa wamejaa, na mama mkwe wake akamfuata nyuma amembebea mtungi.

Bwawa la kwanza la Mgwashi lilichimbwa kuanzia Januari 1938, mzee Rajabu akiongoza wachimbaji, na perege waliletwa na lori kutoka Korogwe ndani ya mapipa. Tarehe 8 Oktoba 1938 marehemu alifunga ndoa takatifu na Yudith katika kanisa la Bumbuli, mzee Kornelio akiwa amekubali posa upesi, kwa maelezo yake mwenyewe kwamba kijana aliyelima shamba la watu siku tatu bila kuajiriwa apewe mke mapema asije akaumaliza mlima. Mungu aliwajalia watoto watatu, Elia aliyezaliwa 1940, Naomi 1943 na Yona 1947, wote wako hai na wote wanajua kuvua perege kwa mikono.

Katika utumishi wake marehemu alipima udongo wa Mlalo, wa Irente na wa mashamba mengi ya waliokaa hapa, akachambua samaki wa mito na wa mabwawa, akapandishwa cheo kuwa mkuu wa wasaidizi mwaka 1950, na akastaafu tarehe 30 Juni 1959. Kila alipokwenda kuchukua chakula cha kupimwa alifika na jembe begani, na katika nyumba yake mgeni aliyekawia kula aliulizwa kama anataka kuku au anataka kupimwa.

Mwezi Februari mwaka huu alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa hospitali ya Bumbuli, ambako aliwaeleza wauguzi kila siku kilichomo ndani ya uji waliomletea, na tarehe 21 Mei 1961, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono, alilala akiwa na miaka hamsini na miwili. Sisi tunalia, kwa sababu tulimpenda na tulitaka akae nasi zaidi, lakini hatulii kama watu waliodhulumiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bumbuli kwa subira yao, wenzake wa maabara ya Lushoto, wazee wa kanisa, na majirani Waislamu kwa Wakristo, mkitanguliwa na mzee Rajabu na mama Halima, mliokesha nasi na kupika.

Na mkiuliza kwa nini historia hii haikusomwa na mzee wa ukoo kama ilivyo desturi, ni kwa sababu marehemu aliomba isomwe na mtoto wa dada yake, Klara, mwalimu wa shule ya hapa Mgwashi, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu.

Mjomba, mtoto uliyemlisha amekusomea mpaka mwisho. Pumzika sasa katika amani ya Bwana.