Mtu wa Mlangoni

Kwenye basi, mpiga picha alipakata kompyuta, na mama wa pembeni akachungulia bila haya, kama mimi niliyekaa nyuma yao.

"Hii ni picha ghafi ya harusi, mama, haijapikwa. Kamera imebeba kila kitu. Kwanza naweka rangi sawa, halafu nainua vivuli taratibu, penye giza papate mwanga."

Akainua. Nyuma ya bibi harusi, kwenye giza la mlango, akatokea mzee anafuta machozi. Mpiga picha akasogeza uso karibu na kioo.

"Kaka yangu huyo. Baba wa binti. Aliapa hakanyagi harusini."

"Mwonyeshe mwanawe."

"Kajificha mwenyewe, mama. Nimwanike?"

"Angetaka asionekane angebaki kwake."

Mpiga picha akarudisha giza, akainua tena. Basi lilipofika mwisho wa safari, mzee alikuwa nusu gizani, na sisi watatu hatujanyanyuka.