Aliyefukuzwa Uwanjani Alikula kwa Éliakim

"Simama pale pale, Phinées! Hapana leta miguu yako hapa!"

"Mama Kavugho, niko naleta kuni. Kwa matanga mutu analeta kuni. Ao ulisahau?"

"Kuni zako peleka ku ile bar mulikuwa munamutukana ndani! Ule mutu amekufa na matusi yako ku mugongo."

"Na weye? Ulikula mu hii nyumba lini, mara ya mwisho? Sema mbele ya batu!"

"Mi nilikuwa na tumbo."

"Tumbo ya miaka yote ile? Basi haiko tumbo, iko mimba ya tembo!"

Wasikilizaji wapendwa, watu walicheka. Ndiyo, walicheka matangani, mbele ya nyumba ya marehemu, hapa hapa Butembo, commune ya Mususa, asubuhi ya maziko. Lakini kicheko kilikatika haraka. Kila aliyecheka alijikuta anajiuliza lile swali: na mimi je, nilikula humu lini?

Ndani, Orpa alikuwa anasikia kila neno. Orpa ndiye mjane, Mama Séphora. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitambaa kichwani, na ombi lake kwa Mungu lilikuwa moja tu: nyumba ijae. Hakutaka maua wala hotuba za wakubwa. Alitaka watu waingie, wakae, wale, kama zamani. Mume wake asitoke kwenda kaburini kutoka nyumba tupu.

Na mume huyo ni nani? Kwa wale wanaofungua redio sasa hivi, tunarudia: leo tunamkumbuka Éliakim Kitsa, mwamuzi wa mpira, arbitre, mtoto wa Mususa. Éliakim Kitsa, aliyepuliza filimbi kwenye mechi za parokia na za mataifa.

Alianza kwenye kile kiwanja chetu cha mteremko. Mnakijua. Ukipiga shuti ovyo, mpira unaukuta kule chini kwa mama wa mandazi, na mama hakurudishii mpaka ununue. Éliakim alikuwa kijana mwembamba, mtoto wa mwinjilisti, na hakuwa na ubavu wa kupigana na mtu. Ila akishaona kosa, ameona. Hata Yesu angeshuka kumsihi, angeambiwa arudi nyuma hatua kumi.

Basi siku moja alimpa kadi nyekundu beki mmoja, fundi wa mbao, mwenye miguu mizito na mdomo mwepesi. Beki huyo ndiye Phinées, huyu huyu wa kuni. Jioni Phinées akaenda nyumbani kwa mwamuzi na jiwe mfukoni. Akagonga. Éliakim akafungua, akamwangalia, akasema: "Nimekufukuza ku terrain. Sikukufukuza ku nyumba. Nawa mikono." Mezani kulikuwa na bugali na sombe ya majani ya muhogo. Phinées akala mpaka akafungua mkanda. Jiwe alilikumbuka akiwa nusu ya njia kurudi kwake.

Tangu siku ile ikawa sheria. Aliyefukuzwa uwanjani na Éliakim, jioni anakula kwa Éliakim. Na waliocheza na Phinées wakamfuata, na waliocheza dhidi yake wakamfuata. Nyumba ile ilijaa hadi watu wakala wamesimama. Kuna vijana, tusiwataje majina, walikuwa wanapiga watu mateke makusudi, hasa Jumapili ambayo Orpa alikuwa amepika samaki.

"Baba alikuwa anasema adui hapana kukula na mikono iliyofungwa ngumi," anasema binti yake Séphora. "Lazima afungue mukono ndio akamate bugali."

Éliakim akapanda. Akaitwa Goma, akaitwa Kinshasa, akaanza kuitwa nje ya nchi. Mususa ikatembea kifua mbele. Mtu akitoka Beni anatuuliza habari, tunamjibu kwamba arbitre wetu yuko kwenye ndege.

Sasa tufike kwenye ule mchezo. Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo fundo lilipo. Zilikuwa mechi za kufuzu. Kongo ilikuwa imemaliza zake, inangoja tu. Timu mbili za nchi za mbali ndizo zilizobaki kucheza, na mwamuzi alikuwa Éliakim. Walimpanga mapema, kabla mtu yeyote hajajua kwamba hesabu zitatufikisha pale. Wakitoka sare, Kongo inapita. Wenyeji wakishinda, Kongo inabaki nyumbani. Tunarudia: sare, tunapita. Wenyeji wakishinda, tunabaki.

Je, Éliakim alijua hesabu hiyo? Alijua. Orpa anakumbuka simu yake ya asubuhi: "Aliniambia, 'Mama Séphora, omba leo nisione kitu.' Nikacheka. Nikasema, arbitre gani anaomba kuwa kipofu? Yee hakucheka."

Orpa alikuwa amechinja mbuzi. Mtaa mzima ulikuwa umealikwa kuja kula baada ya mpira.

Kule uwanjani, joto na makelele. Makelele hadi mwamuzi hasikii filimbi yake mwenyewe. Anajua amepuliza kwa pumzi iliyomtoka tu. Kocha wa huku anamtukania mama, kocha wa kule anamtukania baba. Wachezaji wanamzunguka, wanamtemea maneno kwa lugha asizozijua, na matusi, wasikilizaji, hayahitaji mkalimani. Mchezo ukafika dakika za nyongeza. Bado sare. Ikapigwa kona. Miili ikarundikana mbele ya goli kama magunia kwenye Fuso. Na ndani ya rundo lile, beki wa wageni akanyoosha mkono, akausukuma mpira kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi.

Msaidizi wa pembeni alikuwa amezibwa. Wenyeji wenyewe hawakulalamika. Kwenye uwanja ule hapakuwa na mashine ya kurudia picha, na televisheni ilionyesha migongo tu. Hakuna aliyeuona ule mkono isipokuwa mtu mmoja. Na mtu huyo alikuwa wa kwetu.

Angenyamaza, nani angemdai? Akapuliza. Penalti. Bao. Kongo ikabaki nyumbani.

Hapa Butembo palinyamaza kama pamepita jeneza. Halafu yakaanza. Kwenye bar, Phinées alipanda juu ya kiti. "Amekula feza! Njo maana! Tangu leo, mutu asikule tena kwa ule muuza inchi!" Wakapiga makofi. Mama Kavugho, muuza makaa, alikuwa mlangoni, na yeye akapiga.

Jioni Orpa alipanga sahani. Akapanga vikombe. Akakaa. Waliokuja ni nzi. Kwetu, ukimkosea mtu anaweza kukutukana, anaweza kukushitaki kwa chef wa quartier, mkuu wa mtaa, yote yanatengenezwa. Lakini akikataa chakula chako, amekuzika. Orpa na Séphora wakabeba zile sufuria vichwani hadi kwa wakimbizi waliokuwa wamefika kutoka upande wa Beni. Wale hawakuuliza habari ya penalti. Walinawa mikono, wakala, wakashukuru.

Éliakim aliporudi, mawe yalinyesha juu ya mabati. Hakuuliza habari ya mawe. Aliuliza: "Nani alikuja kukula?"

"Nikamudanganya," anasema Orpa. "Nikasema, batu mingi. Akaangalia zile sahani. Zilikuwa zimepangwa vile vile, kavu. Akaenda kulala."

Baadaye akamwuliza, kama mke anavyoweza kumwuliza mume: ungekufa ukinyamaza? Akamjibu: "Mukono niliuona. Sasa macho yangu niitupe wapi?"

Akaendelea kupuliza filimbi pale kiwanjani, Jumapili kwa Jumapili. Lakini aliyepewa kadi nyekundu alichukua viatu vyake, akapita mbele ya mlango wa Éliakim, akaenda kwake. Orpa hakupunguza sufuria. Kila Jumapili ile ile kubwa. Kila Jumapili walikula watatu, na kilichobaki kikalala.

Mwishowe vilabu vya hapa vikamkataa. Akaanza kwenda Beni. Barabara ile mnaijua. Siku hizi mtu anaaga mara mbili kabla ya kuipita. Alichezesha watoto wa Beu, mtaa mmoja wa Beni, wengine wamekimbia vita na hawana viatu. Siku nyingine alipanda pikipiki hadi Mutwanga, chini ya milima, kuchezesha vijana wa wakulima. Aliugulia Beu. Madaktari walisema tension, presha ya damu. Akarudi Butembo kwa pickup, amelala ndani ya sanduku.

"Baba hakuuawa na tension," anasema Séphora. "Tension ilimukuta amekwisha kufa."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mama Orpa, kwa Séphora, kwa ukoo wote wa Kitsa na kwa watoto wa Beu wanaoulizia arbitre wao, tunasema pole. Pole yetu imechelewa, na tunajua imechelewa. Mungu ampokee Éliakim mahali ambapo mtu haulizwi kwa nini aliona.

Na sisi tuliobaki na midomo yetu? Kila siku tunalalamika kwamba nchi hii haina mtu wa haki. Kwa hakimu tunalia, barabarani tunalia, kanisani tunaomba. Mtu wa haki alikuwa Mususa, anapika kila Jumapili, na sisi tukapita mbele ya mlango wake tukijifanya tumeshiba. Leo jioni, ukikaa mbele ya sahani yako, jiulize: ulitaka mwamuzi mwenye macho, au ulitaka mwamuzi wako?

Tulikuwa tumeacha ugomvi pale mlangoni, tusiuache bila mwisho.

Phinées alikuwa bado amebeba kuni, jasho linamtoka. Mama Kavugho alikuwa bado ameziba njia. Orpa akatoka. Mkononi alikuwa na ile kadi nyekundu, aliyoitoa kwenye mfuko wa shati la marehemu, pembe zimelika. Akamkaribia Phinées, akainyanyua juu, mkono umenyooka, kama mume wake.

Kisha akamgeukia mwenzake.

"Na weye, Mama Kavugho."

Phinées akaangalia chini. "Mama Séphora, mi sina uso ya kukulia hapa."

"Nani alikuuliza uso? Sheria ya hii nyumba unaijua, weye njo ulianza nayo. Na usifikiri nimekusamehe. Ile ni kazi ingine, bado siyaanza." Akapokea kuni kutoka begani mwake, akazitua chini mwenyewe. "Mbuzi hakuna. Mbuzi mulikataa, wakimbizi bakakula. Leo iko maharagi. Maji ile pale. Nawa mikono, ingia ukule."