Gitaa la Mninga Lililopasuliwa Ziba

Marahaba, marahaba. Kaeni. Mwenyekiti ameniomba nisimame mbele ya chama chetu cha kufa na kuzikana, nieleze nilivyoanguka nikainuka. Nitaeleza. Lakini ndugu zangu, nawaambia mapema, sikuja kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Sitamtaja yeyote. Wenyewe mnajijua, na wengine mmeshaanza kuangalia viatu.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kila bendi ilikuwa na mwenyewe. Ya shirika, ya jeshi, ya chama. Mwanamuziki anavaa sare, anapewa vyombo, anaishi. Sisi wa Kiangazi Jazz hatukuwa na mwenyewe. Baba yangu, seremala, alinichongea gitaa la mninga. Spika tuliwasha kwa betri ya lori. Mapigo yetu niliyapata kwa babu, aliyekuwa mpagazi wa misafara ya Ujiji: mazito, yanarudi palepale, mwendo wa mtu mwenye mzigo juani. Bendi ya shirika hapa mjini ikatuita wabinafsi, na miaka ile neno hilo lilitosha kukunyima kibali cha kupiga muziki.

Basi tukawa tunapiga vijijini, njia ya Ziba, baada ya mavuno. Wakubwa mnaijua desturi ya kule, wadogo nawaeleza. Makundi mawili yanapiga kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, moja huku, moja kule. Jaji hakuna. Watu wanakwenda wanakotaka, na anayebaki na uwanja mtupu ndiye kashindwa. Mwaka mmoja tukapambanishwa na bendi ya shirika, wana spika ndefu, wana tarumbeta. Kabla jua halijashuka walikuwa wanawapigia mbuzi.

Taabu ilianzia hapo. Kiongozi wao hakukubali kwamba wamezidiwa. Akasema, "Wale wana dawa ya kuvuta watu. Imo ndani ya gitaa la yule." Maneno yakafika hapa Tabora kabla yetu, nanyi mkayameza mazimamazima.

Harusini hamkutuita tena. Ukumbi tukafungiwa. Nikikaa kwenye benchi la kahawa, kila mtu anakumbuka ana shughuli nyumbani. Wenzangu wakaenda mmoja mmoja kuvaa sare, akabaki mpiga besi tu. Kisha baba akafariki. Yule mzee alichonga milango na vitanda vya nusu ya nyumba za mtaa huu, na siku ya kumzika hatukutosha hata kupokezana jeneza. Tulilitua njiani tupumzike. Mliogopa, eti ndiye fundi wa chombo cha uchawi. Hilo sijalisamehe, na nalisema hapa kwa sababu kazi ya chama hiki ni kuzika.

Aliyeniinua hakuwa mtu wa Tabora. Ni mama mmoja wa Ziba, kiongozi wa kundi la ngoma. Nilikwenda kumuaga, nimwambie naacha muziki wangu nakwenda kuomba sare. Akanitazama kichwani mpaka miguuni.

"Mwanangu, unayo hiyo dawa ya kuvuta watu?"

"Sina, mama."

"Najua. Ungekuwa nayo ungeshaoa." Akacheka peke yake. "Kama dawa imo kwenye gitaa, wape wao walipige."

Akaitisha mashindano, akaniazima wapiga ngoma wake. Mbele ya umati nikawaambia wale wa shirika: tubadilishane vyombo. Vyangu chukueni, vyenu nipeni. Nikishindwa, kesho navaa sare yenu na Kiangazi Jazz imekufa. Kiongozi wao alijifuta jasho, lakini angekataaje? Ndiye aliyesema nguvu imo ndani ya gitaa.

Tukaanza. Gitaa lao lilikuwa jepesi, silijui. Na watu, ndugu zangu, walikwenda kwao. Walilifuata gitaa langu. Upande wetu ukabaki vumbi tupu. Nikaacha kutafuta kupiga vizuri. Nikashika mapigo ya babu, palepale, palepale, kwa hasira ya jeneza lile lililotuliwa njiani. Mama wa Ziba akaingia uwanjani kucheza peke yake, mtu mzima yule. Akaja wa pili. Halafu nikasikia miguu mingi, vumbi likapanda mpaka wapinzani sikuwaona tena.

Tulishinda. Kibali kikapatikana, harusini mkaanza kuniita, mnanishika mkono kana kwamba hakuna kilichotokea. Samahani sikuisikia kwa mtu.

Namshukuru mama yule. Namshukuru mpiga besi wangu, ametangulia mbele ya haki. Namshukuru baba. Nanyi nawaachia hili: mwenzenu akifanya kazi yake vizuri, mwulizeni anafanyaje. Na mtu akifa, mzikeni kwanza, maneno yake mtayasema mkirudi.

Siku ile nililikuta gitaa langu nyuma ya spika zao, limepasuliwa tumbo kwa panga. Watu walipoanza kuwahama, walilipasua kutafuta dawa. Sikulitengeneza. Ndilo hili. Mwenyekiti, lipokee, lizunguke, kila mmoja achungulie ndani. Mtaona alama za vidole vya baba kwenye gundi. Hamna kingine. Nanyi wa benchi la nyuma, msilipitishe haraka.