Jackton Anapelekwa Mbele

Kijiwe chetu kiko Makongeni, nyuma ya nyumba za reli, kando ya kibanda cha Odero cha kutengeneza simu. Benchi lenyewe ni taruma la zamani la mbao, lile gogo la kulaza reli, zito kiasi kwamba hata wezi wamelikatia tamaa. Jumamosi asubuhi Matheka hupita na birika lake la kahawa ya tangawizi, akakaa nasi mpaka liishe, na hapo ndipo vita vya Ukraine hupiganwa upya. Amiri jeshi wetu ni Jenerali. Jina lake ni Mutisya, kazi yake ni kuendesha lori la mkate, na sare pekee aliyowahi kuvaa ni ya skauti, lakini mtajie kifaru chochote akueleze kimeundwa wapi na kinakunywa dizeli gani. Odero tunamwita Setilaiti, maana kila vidio ya huko humfikia kabla haijawafikia wenye vita. Nzuki ni mchonga vinyago, mtu wa maneno machache na karibu yote ya kupinga. Mimi naitwa Karani kwa sababu ya kazi yangu ya ofisi, na pale kijiweni kazi yangu ni kucheka.

SETILAITI: Wasee, cheki hii. Droni ya waya.

JENERALI: Droni ya waya? Hiyo ni tiara, buda.

SETILAITI: Si nakuonyesha! Inapaa huku inafungua waya nyuma yake, kama uzi wa cherehani. Huwezi kuivuruga, kwa sababu haitumii mawimbi.

NZUKI: Waya kutoka huku mpaka kwa adui?

SETILAITI: Mpaka mlangoni.

MATHEKA: Hapa kwetu haingefika. Huo waya ungekuwa umeuzwa kwa skrapu droni ikiwa bado juu.

SETILAITI: Si kopa, Matheka, hauna shaba. Ni ule wa intaneti, ndani ni kioo, mwembamba kama nywele.

MATHEKA: Watakata kwanza, ndio wajue si kopa.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Jenerali hapendi mtu mwingine achekeshe watu kwenye kijiwe chake, kwa hivyo akavaa uso wa mkutano wa makamanda.

JENERALI: Sikizeni. Dawa ya droni ilipatikana. Kifaru kinavishwa mabati. Haya haya ya nyumba! Juu mabati, kando mabati, kinakaa kibanda kinatembea. Droni ikija inagonga bati.

NZUKI: Na nani anayachomelea?

JENERALI: Hapo ndipo nilikuwa naenda. Mafundi wao hawajui kazi. Lete watu wa Kamukunji, wale wa kugonga masufuria. Wape kifaru asubuhi, jioni unakipata kiko na mabati, dirisha na gata ya maji ya mvua.

MATHEKA: Na mpangaji ameshaingia.

SETILAITI: Mabati ni ya kitambo. Siku hizi barabara zinafunikwa na nyavu. Nyavu za samaki, maze! Droni inanaswa hapo inabaki kuhangaika. Watu wa kwetu ziwani wangeenda huko saa hii wangekuwa makanali.

JENERALI: Wewe hata kuogelea hujui.

SETILAITI: Ukanali ni wa kufuma nyavu, si wa kuogelea.

Nzuki akaweka kikombe chini. Akifanya hivyo ujue amekuja na lake.

NZUKI: Mimi nitawachongea vifaru vya mbao. Kimoja kikubwa sawasawa na chenyewe. Napaka rangi, naweka magurudumu, kinasimamishwa shambani. Adui anamaliza droni zake kwa mti. Kwani watalii bado wananunua twiga?

JENERALI: Na utauzia upande gani?

NZUKI: Pande zote mbili. Wapigane na mbao zangu, watu wakae nyumbani.

Tulimcheka, ingawa mimi niliona hapo amesema neno la maana kuliko yote ya asubuhi ile. Setilaiti alikuwa ameshafungua vidio nyingine. Lori la kijani lilikuwa likikimbia kwenye barabara ya matope, na kilichokuwa kikilipiga picha kilikuwa hewani nyuma yake, kinazidi kulikaribia.

JENERALI: Huyo dereva ni mwanagenzi. Kata kona! Kata kona hapo kwa miti, wewe! Ah. Umeona sasa?

Hatukumaliza kuona, kwa sababu Khavere, mama yake Jackton, alikuwa amesimama mbele yetu na bakuli lililofunikwa kitambaa. Mama huyu hupita hapo kila siku akienda sokoni, anatusalimia kwa mkono na kuendelea na safari yake. Hajawahi kusimama. Jackton wake tumemwona akikua, na alipopata kazi Urusi kupitia ajenti mmoja wa mjini tulimsindikiza mpaka barabarani. Ilikuwa kazi ya kupanga makasha kwenye stoo, mbali kabisa na vita. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na hivyo ndivyo tulivyopenda kuamini.

MAMA JACKTON: Hamjambo, baba zangu?

JENERALI: Hatujambo, mama. Karibu.

MAMA JACKTON: Kuleni mandazi, bado ni moto. Leo nina furaha, na mkiniona nimesimama hapa mjue ni furaha. Jackton amepandishwa.

JENERALI: Hongera, mama! Huyo kijana nilijua. Amepandishwa kuwa nani?

MAMA JACKTON: Ndiyo nimewajia ninyi, maana nikipita nawasikia mambo ya huko yote mnayajua. Alinipigia jana. Simu ilikuwa inakatakata, lakini hiyo nilisikia vizuri. Alisema, "Mathe, wametutoa stoo. Kesho wanatupeleka mbele." Nikapiga vigelegele hapo hapo jikoni! Majirani wakaja. Alikuwa anasema mengine lakini kwa hizo kelele sikuyashika. Nilipotulia akaniambia tu, "Sawa, mathe. Niombee."

Setilaiti akageuza simu yake, akailaza kifudifudi kwenye paja.

MAMA JACKTON: Sasa kesho natoa shukrani kanisani, na pasta lazima ataniuliza. Jenerali, hiyo mbele ni cheo gani?

Nilimtazama Jenerali. Mtu huyu anaweza kukutajia kifaru kwa kusikia mlio wake, lakini pale alikuwa anatafuta kitu kwenye kikombe kisicho na kahawa.

JENERALI: Inategemea, mama.

MAMA JACKTON: Inategemea nini?

JENERALI: Inategemea... kikosi.

MAMA JACKTON: Jackton hana kikosi. Jackton anapanga makasha.

Hakuna aliyegusa mandazi. Matheka alisogea mwisho wa taruma, Nzuki akapangusa nafasi ile kwa kiganja.

NZUKI: Mama Jackton, keti kwanza.

MAMA JACKTON: Sikuja kukaa.

NZUKI: Keti, mama. Tafadhali.

Akakaa, bakuli mapajani. Nzuki akamwambia polepole, na mpaka leo namheshimu kwa hilo, maana sisi wengine tungemwacha aende na shukrani yake.

NZUKI: Kwa vita, mbele si cheo. Mbele ndiko wanakopigana.

MAMA JACKTON: Hapana. Mbele ni mbele. Si kila Jumapili tunaomba Mungu atupeleke mbele?

NZUKI: Kanisani ndiyo. Kwa vita, mbele ndiko adui aliko.

Mama akamgeukia Jenerali. Jenerali akatikisa kichwa kukubali. Akanigeukia mimi, na mimi nikainamisha macho, nikaona haya na uchungu kwa pamoja.

MAMA JACKTON: Alikuwa ananiambia hivyo? Jackton alikuwa ananiambia hivyo, na mimi nikampigia vigelegele?

MATHEKA: Hukujua, mama.

MAMA JACKTON: Sasa yeye atafikiria nini juu yangu?

SETILAITI: Leta namba, mama. Leta nimpigie saa hii.

Akampa simu yake. Setilaiti akanakili namba ile ndefu, akapiga, akaweka sauti juu. Mwanamke akajibu kwa Kirusi. Hatukujua neno hata moja, ila sote tulielewa kwamba Jackton hapatikani. Akapiga tena. Mwanamke yule yule, maneno yale yale.

Mama Jackton alikuwa halii. Afadhali angelia. Alikuwa amekaza macho kwetu sisi wajuzi wa vita, bila hasira, anauliza kama mtu anayeuliza dawa kwa duka la dawa.

MAMA JACKTON: Kila siku nikipita hapa nawasikia. Kitu cha kuvunja gari mnakijua. Cha kuzuia hicho cha kuvunja mnakijua. Vyote mnavijua kwa majina. Sasa kile cha kumtoa mtu huko mbele, arudi nyumbani, kinaitwaje?

Setilaiti aliendelea kuipiga ile namba. Mama Jackton akatutazama mmoja baada ya mwingine, akingoja jina.