Sabudana ya Hansa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Hansa Jivan, mzaliwa wa Tanga, mfanyabiashara wa suruali za jinzi. Amefia Guangzhou, nchini China, Ramadhani hii ya mwaka 2007. Hansa wa Tanga. Amefia ugenini.

Aliyekuwa naye ni Mwanakhamis, Mzanzibari, mnunuzi wa midoli. Walipanga nyumba moja. Asubuhi Hansa alikwenda Xintang, kwenye viwanda vya jinzi, na Mwanakhamis akaelekea Yide Lu, mtaa wa maduka ya midoli na vyakula vikavu. Jioni walipika chungu kimoja, isipokuwa siku za mfungo wa Kihindi. Siku hizo Hansa hali nafaka. Hupika sabudana, zile punje nyeupe za wanga wa muhogo, ndogo kama shanga.

"Bi Hansa, mfungo gani huu wa kushiba?" Mwanakhamis alimtania.

"Na daku lako wewe je?"

Kisha Hansa akaugua. Saratani ya ini. Hospitali ikamrudisha nyumbani, haina la kufanya. Kwenye ndege ya kurudi Tanga hawakumpokea, hali yake mbaya mno. Mdogo wake, Ramila, alikuwa Tanga akihangaikia viza.

Mfungo wa Hansa ukaangukia ndani ya Ramadhani. Wote wawili wamefunga, mmoja anatembea, mmoja kalala. Hansa alikuwa hali tena, hata maji ni ya kulazimishwa. Siku hiyo akafungua macho: "Nataka sabudana."

Moyo wa Mwanakhamis ukashika jambo moja tu: akila, atapona.

Akaenda Yide Lu. Duka hili, "mei you", hakuna. Duka lile, "mei you". Mwisho akapata punje za Kichina, za kupikia uji mtamu. Akaziloweka kwenye maji tele, akazitia jikoni. Zikawa gundi. Mwanakhamis akaketi sakafuni akalia, halafu akampigia Ramila.

"Dada, usizizamishe," Ramila akamwambia. "Zioshe, zichuje, ziachie unyevu tu. Ukiibinya punje ikavunjika, tayari." Kisha akaongeza: "Mimi ndiye niliyepaswa kumpikia."

Mwanakhamis akaanza upya. Samli, bizari nyembamba, pilipili mbichi, mbatata zilizochemshwa, karanga za kutwanga. Chumvi alikisia, maana alikuwa amefunga. Safari hii kila punje ilisimama peke yake, inang'aa.

Hansa akaitazama sahani. "Zimeachana," akasema. Mwanakhamis akamtilia kijiko mdomoni. Chakula kikakaa pale pale.

"Jaribu, mwenzangu. Punje moja tu."

"Haishuki, Mwana."

Mwanakhamis akamfuta mdomo. Magharibi ikaingia.

"Futuru wewe," Hansa akasema. "Nikuone."

Angemkataliaje? Akala, machozi yanamtiririka.

"Chumvi imezidi?"

"Imekaa sawa."

Wasikilizaji, Mwanakhamis anasema hakusikia ladha yoyote. Si chumvi, si pilipili.

Kulipokucha, Hansa alikuwa amekata roho.

Viza ya Ramila ilitoka baadaye. Mwili ulikwisha kuchomwa huko huko, bila ndugu wa damu hata mmoja. Mwanakhamis ndiye aliyesimama pale. Tulipompata kwa simu, tulimwambia amefanya wema mkubwa. Alikasirika.

"Wema gani?" alisema. "Hansa amekufa na njaa, na chakula nimekila mimi."

 

Kwa Ramila, kwa ukoo wote wa Jivan pale Tanga, na kwako Mwanakhamis uliyebaki na nyumba tupu, poleni sana. Hatutawadanganya kwamba mtasahau.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, wangapi mna mtu Guangzhou? Mnampigia kila wiki, mkiuliza kontena limefika wapi. Leo mpigieni, msiulize kontena. Muulizeni amekula nini, na amekula na nani. Akisita kujibu, msikate simu.