Joakimu Gidahosh na Chakula cha Zamu

Ndugu waombolezaji, tangu juzi mnaulizana pembeni kwa nini mtoto wa Gidahosh anazikwa hapa Katesh wakati boma la baba yake lipo Hirbadaw. Kwa jinsi mlivyokuwa mkiuliza mezani pake, huku mkila, marehemu angewadharau. Hata hivyo mtajibiwa.

Joakimu Gidahosh alizaliwa Hirbadaw tarehe 14 Mei 1971, mtoto wa tatu wa Mzee Gidahosh na Mama Natalia. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1981 hadi 1987. Hakuendelea, kwa sababu ng'ombe walihitaji mchungaji na kaka zake walihitaji kivuli. Alichunga, kisha akawa mnunuzi wa mifugo katika mnada wa Katesh, na hakuna aliyewahi kumuuzia dume mgonjwa mara mbili.

Tarehe 22 Novemba 2003 alifunga ndoa na Fabiola Akonaay, muuguzi, binti wa wakulima wa Tumati, wakaweka makazi hapa Katesh. Mungu aliwajalia watoto wawili, Judith na Severine.

Mwaka 2008 Fabiola alianguka wodini, kando ya kitanda cha mgonjwa. Tangu asubuhi alikuwa amekunywa chai ya rangi na andazi moja. Joakimu alipofika alilitazama andazi la pili, lililokuwa bado mfukoni mwa sare.

"Hii ni hewa iliyokaangwa," alisema. "Unamuuguza nani na hewa?"

Kesho yake aliingia jikoni mwenyewe, na hakutoka tena. Alisema muuguzi hana saa ya chakula, ana upenyo tu kati ya mgonjwa na mgonjwa, kwa hiyo chakula chake kiliwe kwa mkono mmoja, kishibishe, na kisiache harufu. Wali uliopoa aliuita kokoto. Chipsi hakuzipa hata jina. Usiku alichemsha maharage na viazi vitamu. Alfajiri aliviponda vyote pamoja na karanga, akavikunjia ndani ya chapati, akaweka mayai mawili yaliyokwisha kumenywa na maziwa ya mgando kwenye chupa. Fabiola alipomaliza kufunga kitambaa cha kichwa, mfuko ulikuwa mlangoni.

Muuguzi mwenzake, Fransiska, aliwahi kusema mbele ya wodi nzima kwamba Fabiola ameolewa na dada wa kazi. Joakimu alipoambiwa alifunga chapati ya ziada. "Mpelekee na huyo," alisema. "Mdomo mtupu una maneno mengi." Fransiska yupo hapa leo, na chapati hizo alizila miaka kumi na zaidi.

Kaka yake mkubwa, Gidabuday, alimkuta jioni moja akikoroga maharage kwa mwiko.

"Shikamoo, kaka."

"Shikamoo gani? Joakimu, umegeuka mwanamke? Weka mwiko huo chini!"

"Nikiuweka, maharage yanaungua."

Gidabuday aliondoka bila kunywa maji. Kuanzia siku hiyo kaka zake hawakumwita kwenye kikao chochote cha ukoo. Iliuma. Marehemu aliwaona wapumbavu, lakini walikuwa wapumbavu wa kwao.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Alitibiwa kwa muda mrefu, hadi akabaki wa kumeza uji mwepesi, ambao aliuita maji yaliyosalimiana na unga. Aprili mwaka huu wa 2025 kaka zake walikuja. Gidabuday alisimama miguuni pa kitanda.

"Mwanaume aliyeshika mwiko hazikwi bomani kwa baba. Omba msamaha mbele ya wazee, tukusafishe, uzikwe na wenzako."

Sauti ilikuwa imekwisha, ikabidi wainame kumsikia.

"Msamaha kwa sababu mke wangu alishiba? Nizikeni nyuma ya jiko. Huko angalau wanapita watu wenye kazi."

Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, alfajiri, Fabiola akiwa amemshika mkono.

Jana kaka zake walifika na gari la kubebea mwili. Sasa walimtaka Hirbadaw, bila msamaha wala kusafishwa, maana wameanza kuchekwa mnadani kwamba mtoto wa Gidahosh anafukiwa jikoni. Fabiola aliwapokea mlangoni kwa heshima zote.

"Shikamoo, shemeji. Karibuni, chakula kipo. Ila yeye haendi popote. Kaburi limeshachimbwa."

Marehemu ameacha mjane, Fabiola, watoto wawili, mjukuu mmoja, na kaka wawili, ambao gari lao, kama mnavyoliona, limeegeshwa tupu. Mwenyezi Mungu ampe Joakimu pumziko la amani mahali alipopachagua mwenyewe.