Mpiga Solo wa "Kezia"

Wapendwa waombolezaji, viongozi wa kanisa, jamaa na marafiki, kabla ya kuanza familia inawaomba mtulie na msikilize vizuri, kwa sababu Mzee Gordon Ouko Obare aliogopa usomaji huu wa wasifu wake kuliko alivyoogopa kifo chenyewe.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kisiwani Rusinga, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Obare na marehemu Mama Emmah, akasoma shule ya msingi huko huko hadi darasa la saba mwaka 1967, karo ikakosekana, akaenda Migori kwa mjomba wake kujifunza ushonaji, mchana akikanyaga cherehani na jioni akijifunza gitaa. Mwaka 1973 alijiunga na Ruma Success Jazz, na mwaka 1976 bendi ikarekodi "Kezia", wimbo ambao wengi wenu mliuchezea kwenye harusi zenu, yeye akipiga gitaa la solo, ingawa kwenye santuri liliandikwa jina la bendi peke yake.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na Mama Bathsheba kutoka Asumbi, wakajaliwa watoto watatu, Austine, Filister na Jared. Miaka yote Mama alimuuliza Kezia ni nani, naye alijibu, "Nyar Asumbi, binti wa Asumbi, ni jina tu, linakaa vizuri kwenye nyuzi," jibu ambalo Mama hajaliamini hadi leo.

Agosti 2019 mwenzake wa mwisho kwenye bendi, Mzee Wangwe, aliyekuwa mpiga besi, alizikwa karibu na Mbita, na mbele ya jeneza ikasomwa kwamba Wangwe ndiye aliyepiga solo ya "Kezia". Marehemu alikuwa amesimama hapo kaburini, akafungua mdomo, akaufunga, maana kwetu neno lililosomwa mbele ya maiti halipingwi, na wazee husema anayelipinga hufuatwa na mfu hadi nyumbani. Alirudi nyumbani, akamwambia Irine, mke wa Austine, aliyekuwa akichagua dagaa wa omena mlangoni, "Nyathina, mwanangu, leo nimezikwa Mbita nikiwa nimesimama."

Tangu siku hiyo redio ikipiga "Kezia" aliondoka chumbani, na akaanza kumsimulia Irine maisha yake kidogo kidogo, akianza na solo ile, ili siku yake yasisomwe vibaya, Irine akiwa ameketi mlangoni bila kumtazama usoni wala kumuuliza swali, kama inavyompasa mkaza mwana. Tarehe 3 Februari 2024 alipatwa na kiharusi, ulimi ukafungika hadithi ikiwa imefika nusu, na muda wote wa ugonjwa macho yake yalimfuata Irine kila alipopita, yakiwa na hofu ambayo hakuna dawa iliyoitoa, huku vidole vyake vikigonga ukingo wa kitanda mdundo ule ule wa "Kezia". Alifariki tarehe 9 Juni 2025 hospitalini Homa Bay.

Hofu yake ikabaki kwa Irine, kwamba tukisoma ukweli tutawavunjia heshima watu wa Wangwe, na tukinyamaza tutamzika Baba mara ya pili. Jumanne yeye na Mama Bathsheba walimwendea mjane wa Wangwe, Mama Cate, bila kujua waanzie wapi, naye akawakatiza, "Wangwe hakuwahi kusema solo ni yake. Sisi tuliandika haraka haraka, na mwenye kujua hatukumuuliza, kumbe alikuwa amesimama pale pale! Someni, binti zangu. Wangwe akisikia atacheka mpaka akohoe." Mama Cate yuko nasi hapa, ameketi karibu na jeneza.

Kwa hiyo leo tunaomba desturi ituwie radhi, aliyesikia kosa aseme sasa, kabla ya mchanga, na aliye na mzee nyumbani aliyewahi kushika gitaa, besi au ngoma, amuulize akiwa bado na ulimi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliombeba hadi barabarani mvua ikinyesha, na mafundi cherehani wenzake wa soko la Migori, walioshona suti aliyovaa leo na kukataza mtu mwingine asiiguse.

Baba, solo ya "Kezia" ni yako, imesomwa mbele ya watu wote na kaburi bado liko wazi, usiogope tena. Pumzika kwa amani.